Nyumba Inayoleta Usingizi

Bernard Entwistle alikuwa na nyumba mbili mjini Burnley, Uingereza, moja ya kuishi na moja ya kujisifia. Ya kuishi ilipoa siku mkewe alipofariki. Ya kujisifia alimpangisha Mavis Holroyd, mpishi mstaafu wa shule ya msingi, na huko ndiko alikokwenda kila Jumapili kula nyama ya kuoka na viazi, kisha kusinzia kitini mbele ya hita ya gesi hadi giza liingie.

Usingizi wa pale ulikuwa fahari ya maisha yake. Alisimulia baa nzima. "Nyumba yangu ina utulivu wa ajabu," aliwaambia wenzake. "Ukikaa tu, kope zinashuka. Mavis naye hivyo hivyo, chakula hakijashuka tumboni keshalala. Nitajie mwenye nyumba mwingine anayewapa wapangaji amani ya namna hiyo."

Mavis alikuwa mpangaji wa kuombea dua. Halalamiki. Akiambiwa kodi inapanda, anaitikia kwa kichwa. Akiambiwa ukungu wa ukutani ni hali ya hewa, anaitikia. Kichwa kinamgonga asubuhi hadi jioni, anasema ni uzee, na Bernard, mtu wa huruma, anakubaliana naye kwamba ni uzee.

Na huruma anayo, tusimwonee. Mavis alipowahi kunong'ona kwamba sebuleni kuna upepo unaompiga miguuni, hakungoja aambiwe mara ya pili. Alilitafuta tundu la hewa lililokuwa karibu na hita, akalishindilia magazeti, akalipiga rangi juu isijulikane lilikuwa wapi. Watu wa kule wanauogopa upepo wa chini ya mlango kuliko magonjwa yote. Mavis alimshukuru, akamkatia kipande kikubwa cha pai.

Jambo moja tu lilimkera Bernard, nalo ni sheria. Sheria inamtaka mwenye nyumba alete fundi wa gesi aliyesajiliwa kila mwaka, akague hita na bomba na dohani, kisha mpangaji apewe nakala ya cheti. Bernard aliliona hilo ni tusi. "Mimi na Mavis ni kama ndugu," alisema. "Ndugu unampelekea mkaguzi?" Kwa hiyo kila mwaka aliahirisha, kwa heshima ya undugu.

King'ora cha hewa ya sumu alikinunua, maana hicho sheria ilikidai kwa ukali zaidi. Kikawa kinapiga kelele kila Jumapili, watu wakiwa ndiyo kwanza wanaanza kusinzia. Bernard alikirudisha dukani, akabadilishiwa. Cha pili nacho kikapiga kelele. Akalaani bidhaa za siku hizi, akakipeleka bandani kwake, na huko kikanyamaza kabisa, akaona amekitengeneza.

Ndipo Mavis akaanguka jikoni. Mpwa wake, Glenys, alikuja kutoka Preston kumuuguza, akakaa sebuleni nusu siku, akatoka nje kutapika. Akampigia Bernard simu. Hakumsalimu hata kidogo. "Fundi aje leo," alisema, "au mimi niende halmashauri leo."

Fundi aliitwa Imran Lodhi. Hakutaka chai, jambo ambalo Bernard alilihesabu kuwa ukosefu wa adabu. Alizima hita, akafungua madirisha yote, akapapasa ukuta.

"Mzee, nani kaziba tundu hili?"

"Mimi mwenyewe," Bernard akajibu kwa fahari. "Mama wa watu alikuwa anapigwa na upepo."

Imran akawasha kijiti cha moshi chini ya dohani. Moshi haukupanda. Ulirudi sebuleni ukamzunguka Bernard usoni. Huko juu kunguru walikuwa wamejenga kiota, na kwa kilivyoshonana, hawakuanza jana.

"Humu ndani mlikuwa hamlali, mzee. Mlikuwa mnazimia."

"Kuzimia gani, kijana? Nimelala kiti kile misimu ya baridi mingapi, na mimi huyu hapa naongea na wewe."

"Kwa sababu wewe una kwako pa kurudi," Imran akasema. "Mama huyu hana pengine. Mngechelewa kidogo, mngemkuta kitini hapo hapo."

Bernard akamtazama Mavis, aliyekuwa amejikunja ndani ya koti lake sebuleni, na kwa mara ya kwanza akaogopa. Aliogopa kweli. Dohani ikazibuliwa, hita mpya ikafungwa, tundu likafunguliwa, king'ora kikatoka bandani. Safari hii hakuuliza bei.

Jumapili moja baadaye alikwenda na pudini mkononi. Mavis alifungua mlango kabla hajabisha. Mashavu yamepata damu, nywele zimechanwa, macho makavu kama ya mwalimu wa zamu.

"Umependeza, Mavis," Bernard akasema, akainua mguu aingie.

"Simama hapo hapo. Ule ukungu ukutani si hali ya hewa. Dirisha la chooni halifungi. Na kodi, tutaizungumza."

"Tutazungumza tukishakula."

"Hatuli, Bernard." Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililouma. "Mimi Jumapili nilikuwa nataka kukaa peke yangu nisikilize redio. Miaka yote hii nilitaka kukwambia usije. Sikuwa na nguvu ya kusema."

Bernard akabaki na pudini yake. "Nilidhani tunapatana."

"Tulikuwa tunazimia." Akaipokea pudini, maana si mtu wa kutupa chakula. "Mwenye nyumba anaingia kwa taarifa, siku moja kabla. Njoo na fundi wa gesi mwakani, kama sheria inavyosema. Karibu siku hiyo."

Mwaka uliofuata, majani hayajaanza hata kupukutika, Imran alipokea simu. Ilikuwa sauti ya Bernard, akiomba apangiwe ukaguzi. Kisha ikakohoa, ikauliza kama kwa usalama zaidi haingefaa ukaguzi wenyewe ufanywe kila mwezi.

"Sheria inataka mara moja tu kwa mwaka, mzee," Imran akamwambia.