Mwanamke Aliyeachwa Stesheni

Amri ya kwanza niliyopewa katika nyumba ile ya Plano, Texas, ilikuwa kwamba mama asisumbuliwe. Mwanawe, mhandisi mwenye adabu zake, alinionyesha chumba cha kuandikia: meza mpya, zulia la kumeza vishindo, kompyuta inayoandika yenyewe ukiisemesha. Nikajiambia, hapa kazi ni kukaa na kuvimba miguu. Mimi nimelelewa Mombasa, kwenye kelele, na kimya kikizidi hunitia wasiwasi.

Mgonjwa wangu alikuwa bibi wa Kipakistani, mwembamba, mkali wa macho, mkono wa kulia ukimtetemeka tangu alipopata kiharusi. Nilimwita Khala, yaani mama mdogo, naye akaniita mwanangu, na tulizungumza Kiingereza pamoja na kile Kihindi changu nilichokiokota kwenye filamu za utotoni. Kule Karachi alikuwa mwandishi wa habari. Mchana aliripoti kesi, migomo na mafuriko, akirudi nyumbani anaandika riwaya za kutoka gazetini sehemu kwa sehemu. Ukimuuliza ameandika riwaya ngapi, hukunja uso kana kwamba umemuuliza amekula chapati ngapi maishani.

Hata baada ya kuhamia Texas aliendelea, hadithi zake zikitoka kila wiki katika gazeti moja la Kiurdu la Houston, mpaka alipougua. Tangu hapo hakuandika hata mstari. Hadithi yake ilikuwa imekatikia pabaya: mjane ameketi stesheni na sanduku lake, garimoshi linaingia, na wanawe wamemfuata kumrudisha nyumbani. Wasomaji walipiga simu wakachoka.

"Nimemwacha mtu stesheni," aliniambia siku moja nikimvisha soksi. "Nikifa, atabaki pale pale."

Mwanawe lakini alikuwa ameshakubaliana na mhariri kwamba mwisho wa mwezi gazeti litangaze kuwa mama amestaafu, kwa heshima zote. Akili yake imechoka, aliniambia kwa upole, na nikaona anaamini. Mimi sikuamini. Mtu aliyechoka akili hagombani na watangazaji wa televisheni kila asubuhi na kuwashinda.

Nikaanza kumdodosa. Zamani aliandikaje? Hapo akachangamka. Kumbe nyumba yake ya Karachi haikujua utulivu. Gazeti lilimtuma tarishi, mzee mmoja msumbufu, akaketi kwenye kigoda mlangoni tangu asubuhi, akikohoa, akiomba chai, akiuliza, bado? Alipewa ukurasa wino haujakauka, akaukimbiza kwa mpiga chapa, akarudi kungoja mwingine. Miaka yote Khala aliandika hivyo, akimtukana yule mzee kimoyomoyo. Hapa Plano kila mtu alimpisha apumzike. Hakuna aliyemngoja.

Basi kungoja ndiyo fani yangu. Kwetu, mkesha wa Idi, nguo yako ikiwa kwa fundi cherehani hutoki pale. Ukimwamini akikwambia urudi baadaye, utasali Idi na nguo ya mwaka jana. Unakaa mbele yake, unahema, unaikodolea sindano, unamuuliza kama vifungo navyo vinangoja mwezi uandame, mpaka amalize ili akuondoe machoni pake.

Kesho yake nikabeba kiti cha jikoni, nikakiweka mlangoni pa chumba chake. Nikakohoa. Nikagonga-gonga mguu. Nikasema Houston wanangoja na mimi sina siku nzima. Khala akanitolea macho, akaniita jina la Kiurdu ambalo hata kwenye filamu sijapata kulisikia, kisha akataka kalamu. Kompyuta hakuigusa. Aliandika kwa mkono ule ule unaotetemeka, akiushikilia kwa mwenzake, na karatasi ya kwanza aliyonirushia ilikuwa na mistari iliyopinda ovyo. Nikaipiga picha kwa simu, nikaituma kwa mhariri, nikarudi kitini.

"Bado?" nikamuuliza.

Jioni mume wangu alipokuja kunichukua, akitokea Mesquite tunakoishi, alinikuta bado niko mlangoni. "Mke wangu, wame-ku-hire ku-nurse mtu au kumpigia makelele?" Nikamwambia yote mawili, akangoje garini.

Kurasa zilivyozidi kumfikia mhariri, tangazo la kustaafu likafutwa. Sehemu ya mwisho mhariri hakutaka itumwe kwa simu. Alikodi ukumbi Houston ili Khala aisome mwenyewe. Mwanawe alituendesha, akiwa na mashaka njia nzima. Ukumbi ulijaa wanawake waliokuja na mama zao, na wengi walikuwa wameshaamua kwamba mjane arudi nyumbani na wanawe. Khala alikataa kiti. Alisoma kwa sauti iliyopanda kila ukurasa. Sikuelewa yote, lakini nilielewa wana wa mjane walipomshikia sanduku, na nilielewa alipolinyakua. Akapanda. Garimoshi likaondoka, na ukumbi mzima ukasimama. Wengine walishangilia, wengine walimgombeza, mama gani huyo, naye Khala akawajibu mmoja mmoja, uso unang'aa. Nililia bila haya. Nilijivuna kana kwamba nimemzaa mimi.

Mwanawe alikuwa ameegemea ukuta, amekumbatia mfuko wa dawa, hapigi makofi wala hasogei. Tulikuwa njiani kurudi Plano, tumeshapita nusu ya safari. Ndipo akamtazama mama yake aliyeketi kando yake, akauliza taratibu, kama mtoto anayeomba kusimuliwa.

"Mama, alishuka wapi?"

Khala alikuwa amefumba macho, na hakuyafumbua.

"Utaona gazetini, kama wenzako."