Neno Lililokutana na Kengele

Shinyanga kwetu watu husema kwamba saa ya ukumbi wa mji ikigonga, neno lililo mdomoni wakati huo halirudi tena. Ndiyo maana wanunuzi wa dhahabu wanaopatana bei kivulini mwa ukumbi hufunga midomo kengele ikilia, ukadhani ni wachamungu. Na bibi harusi akisema "ndiyo" pamoja na kengele, basi yeye ndiye mwenye kauli nyumbani.

Niliicheka imani hiyo mpaka siku ya ndoa yangu, iliyofungwa kiserikali humo humo ukumbini. Nilikuwa na mgahawa Geita, nikiwauzia wachimbaji wali na maharage, na mama mkwe alishatangaza kwamba nikiolewa tu naufunga, nahamia kwake Samuye kulima. Mgahawa ule niliujenga mwenyewe, bati moja moja. Niliupenda, sikutaka kuuacha. Kwa hiyo nikaanza kuamini, tena haraka.

Shangazi yangu akanipanga: nikiulizwa swali, nikohoe mpaka saa igonge. Kumbe na upande wa mume hawakulala. Msajili alipouliza kama nakubali, nikakohoa. Nikakohoa tena. Bwana harusi akatoka jasho, akidhani nimeghairi. Shangazi yake akaja kunihimiza nijibu upesi. Wangu akamvuta gauni. Wakarushiana Kisukuma ambacho msajili, mtu wa pwani, alikuwa na bahati ya kutokielewa.

Mwenzenu, kikohozi cha uongo kikageuka cha kweli. Machozi yakanitoka, pumzi zikakata, na aibu nayo ikanishika. Hapo mama mkwe akainuka, akawatenganisha wale wawili kwa mikono yake ya jembe.

"Hebu mwacheni binti wa watu afanye anavyotaka."

Hajafunga mdomo, kengele ikagonga.

Mama mkwe akatazama dari, akanitazama mimi, kisha akaketi taratibu. Kengele ilipomaliza nikasema ndiyo yangu, kavu, bila msaada wa saa yoyote, na niliisema kwa moyo wote.

Nje nikampigia mama mkwe magoti, nikamwamkia. Nilikuwa naogopa hata kumtazama usoni.

"Marahaba, mayu," akasema, akiniita mama kwa Kisukuma huku akininyooshea shela kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Haya, basi la Geita mnapanda saa ngapi?"