Pensheni Aliyoiacha Mdogo Wangu

Asubuhi moja ya mvua, miaka ya tisini, mdogo wangu alirudi nyumbani kwetu, karibu na Mogogosiek, na sanduku lake la bati. Nilidhani amekuja likizo.

"Nimeacha polisi, dada."

"Na pensheni?"

"Hakuna. Ukijitoa mwenyewe kabla ya miaka kutimia, ile ya kila mwezi unaisahau."

Alisema hivyo huku akila viazi vyangu.

Wazazi wetu walipokufa, mimi kifungua mimba niliacha shule nikashika kikapu cha mama cha kuchumia chai, ili yeye asome. Alipoingia polisi aliniahidi kwamba pensheni yake ikianza, nitatua kikapu. Miaka yote hiyo nilichuma chai nikingoja siku hiyo.

"Si ungevumilia kidogo tu?"

"Nilichoka kuamka bila kujua leo nitatumwa kumpiga nani."

Ningemhurumia. Badala yake nilimwonea wivu. Mimi pia nilichoka, lakini sikuwa na mkubwa wa kumpelekea barua ya kuacha kazi. Ningemwandikia nani, marehemu mama?

Jumapili, kanisani, walimpisha benchi la mbele na kumwita afande kama zamani. Mimi nilikaa nyuma, mahali pangu.

Jumatatu alibeba kikapu changu kabla sijawasha moto. Nikamfuata hadi kituo cha kununulia chai, ambako karani alimwaga majani yake mezani: yalikuwa yamekomaa, mengine na vijiti.

"Afande, hiyo ni chai, si mwizi!" mama mmoja akamwambia. "Usiikamate na mizizi yake!"

Nilicheka kuliko wote.

Lakini alirudi shambani kesho yake, na siku zilizofuata. Mimi nilibaki jikoni nisijue mikono niiweke wapi. Mwishowe nikaenda kumkagua, nikitafuta kosa. Sikuliona. Majani mawili na chipukizi, kama karani anavyotaka, mstari baada ya mstari, na vichaka amevisawazisha kuliko nilivyoviacha.

"Dada, rudi nyumbani upumzike," akasema bila kugeuka. "Si nilikuahidi?"

Nikageuka nirudi. Ng'ambo ya ua majirani walikuwa wakimtazama.

"Afande huyu anajua kazi, jameni!"

Nilisimama pale na mikono mitupu. Kikapu kile nilikibeba tangu utotoni, na hakuna hata siku moja mtu aliposimama kwenye ua ule akanisifu.