Moyo Wangu na Kilima cha Hagsätra

Naandika haya nikiwa na pumzi za kutosha, na kwa hilo namshukuru Mungu kabla ya neno jingine lolote.

Mwaka 1974 nilikuwa mwanafunzi wa ufundi katika karakana moja ya Stockholm, na sikuwa mtu wa kutulia. Hata nikikaa, miguu inacheza. Tulikaa Hagsätra, pembezoni mwa jiji hilo, mimi, mke wangu Mwanaidi na mtoto wetu Salma. Nyumba zikiisha tu, msitu unaanza, na humo mlikuwa na njia ya mbio ya kilomita nane: mizizi, tope, mawe yenye utelezi, kisha kilima ambacho mwishoni unakipanda kwa mikono. Bengt, mwenzangu wa kazini, ndiye aliyenionyesha. Pale karakana waliamini kila Mwafrika amezaliwa mkimbiaji, nami sikuwakatalia. Niliwashinda wote, nikavimba kichwa.

Oktoba nikashikwa na homa. Viungo viliniuma, meno yakagongana. Mwanaidi akasema, "Baba Salma, nenda hospitali." Nikamjibu kwamba malaria naijua tangu utotoni. Tulikuwa na klorokwini tuliyokuja nayo kutoka Tanga. Nikameza, mwili mzima ukaniwasha, jasho likanitoka, na siku ya tatu nikajiona nimepona. Jumamosi nikavaa viatu vya mbio.

Bengt aliniangalia usoni. "Wewe bado una homa. Huku mwenye homa hakimbii."

Nikacheka. Moyoni nilisema Waswidi wanadeka.

Kilimani kifua kilibana kama kimefungwa kamba. Nikaendelea, maana niliwasikia wenzangu wakija nyuma. Midomo ikafa ganzi, nikatapika juu ya mawe, nikaanguka. Bengt na mwenzake walinibeba mpaka barabarani.

Hospitalini daktari, mama wa makamo, aliniuliza nimemeza dawa gani. Nikamwambia.

"Umeishi hapa miaka miwili, na hapa hakuna malaria," akasema. "Ulikuwa na mafua makali, nawe ukakimbia nayo. Sasa msuli wa moyo umevimba. Ukikimbia tena kabla sijakuruhusu, unaweza kufa."

Nililala wiki tano. Nilikojoa kwenye chupa mbele ya wauguzi wadogo kuliko mimi. Nyumbani ngazi nilipanda nikipumzika kila ghorofa. Nilikuwa mkali, nikamgombeza Mwanaidi kwa chai, kwa dirisha, kwa chochote.

Machi, theluji ikiyeyuka, uvumilivu ukaniisha. Mwanaidi alinikuta mlangoni nafunga kamba za viatu. Hakupiga kelele. Alisogea pembeni.

"Pita, Baba Salma. Ila kwanza niambie, mtoto nije nimwambie nini?"

Nikavivua. Nilikasirika wiki nzima, lakini sikuvigusa tena.

Vuli ile daktari aliniruhusu kutembea. Nilikipanda kilima kwa zaidi ya saa moja, Mwanaidi akinitangulia na Salma mgongoni. Juu nilikaa nikalia bila kuficha.

Ndugu zangu mlio ugenini, homa ikikushika muone daktari, kisha ulale. Usijione unajua. Siyalaumu mafua peke yake. Niliona haya watu wanione nimechoka, na haya hiyo ilikaribia kumfanya Mwanaidi mjane akiwa na miaka ishirini na minne.