Fides amehama nyumba bila kuniambia

Leo nimeshangilia nyumba ambayo mtoto wangu hayumo.

Mliosoma pale kwa masista Malaba mnajua utaratibu. Kila nyumba, yaani kundi la wanafunzi, ina jina la mtakatifu, na binti hufuata nyumba ya mama yake. Mimi nilikuwa kapteni wa Kizito, kwa hivyo Fides akaingia Kizito.

Basi leo, siku ya michezo, nimevaa fulana nyekundu ya Kizito na kupiga vigelegele mpaka sauti ikakauka.

Kabla ya mbio za vijiti, Fides akatokea na fulana ya bluu.

Bluu ya nyumba ya Lwanga!

Nikamwendea Sista msimamizi. "Sista, mmemchanganya mtoto wangu."

"Hapana, mama. Aliomba mwenyewe kuhama. Alilia sana."

Nikamvuta Fides kando.

"Mama, kule Kizito nikikosea kidogo tu wananiambia, 'Na vile mamako alikuwa kapteni!' Lwanga hakuna anayekujua."

Hakuna anayenijua. Mimi!

Nikarudi kuketi. Mbio zikaanza, jirani yangu akanigusa: "Mama Fides, piga kelele, Kizito wako mbele!" Mdomo ukakataa.

Kizito wameshinda. Lwanga wamekuwa wa mwisho, na Fides alikuwa amelala kwenye nyasi na wenzake, akicheka kicheko ambacho sijakisikia nyumbani tangu muhula uanze.

Sasa wenzangu wa Kizito, nisaidieni. Nimeumia ama nimefurahi? Mimi mwenyewe sijui.