Mwanamkasi Aliyeliliwa Akiwa Hai

Sijapata kuishi na mtu asiyetulia kama Faida. Ukimpa kinu atatwanga kidogo, ataweka mchi chini, ataondoka kwenda kuchungulia lango la misheni. Akirudi anakuta kuku wamekula mtama. Nilimgombeza mpaka nikachoka. "Unatafuta nini huko?" Atajibu, "Natazama watu wanaoingia tu, dada Klara," na kabla sijameza mate ameondoka tena.

Tulikaa nyumba moja katika kijiji cha misheni, Bagamoyo, wakati wa vita na Wajerumani. Mimi nilikuwa mwenyeji. Mapadri walinikomboa utumwani nikiwa mtoto wa kubebwa, wakanibatiza Klara, na jina alilonipa mama yangu silijui wala sikuwa nimewahi kuliulizia. Yeye alikuja mji ulipopigwa mizinga. Bibi aliyemtumikia alipanda chombo kwenda Unguja akasahau, au akaamua kusahau, kwamba ana kijakazi.

Lakini hakuzaliwa mtumwa, na jina lake halikuwa Faida. Alizaliwa Mkange, ng'ambo ya mto Wami, na mama yake akamwita Mwanamkasi. Ile njaa kubwa ilipomuua baba, mama alimleta mjini akamweka rehani kwa Bi Zeyana, mke wa mfanyabiashara wa pembe. Akachukua mtama, akaahidi kwamba akivuna atarudi kumkomboa mwanawe.

Bi Zeyana alimwuliza mtoto jina, na alipolisikia akakunja uso. Mwanamkasi lilikuwa jina la mama yake mzazi, bibi mkubwa wa nyumba ile, aliyeshinda ukumbini na tasbihi yake. "Nitamtumaje maji huyu, nitamgombezaje, kwa jina la mama yangu?" akasema. "Ataitwa Faida." Sisemi alikuwa na roho mbaya. Ndiyo adabu ya watu wale. Ila mwenye jina alikuwa na miaka kumi na miwili, na yeye hakuulizwa.

Mama hakuonekana tena. Mvua zikaja, watu wakavuna, watoto waliowekwa rehani nyumba za jirani wakakombolewa, Faida akabaki anapangusa vyombo, miaka ikapita. Akaamini ametupwa. Kwa hiyo alipofika misheni, Padri akamwuliza kama anataka kufundishwa dini, alikubali upesi. "Kama kwetu hawanitaki, nitakaa ninapotakiwa," aliniambia. Alizishika sala upesi kuliko nilivyozishika mimi, jambo ambalo, niseme kweli, liliniudhi.

Aliyemwondolea utulivu ni Kitwana. Mzee huyu alikuwa bawabu wa Bi Zeyana, na vita vilimleta misheni kama vilivyotuletea watu wengi. Siku moja tulikuwa kisimani tunangoja zamu, naye anasimulia habari za nyumba yao.

"Bibi mkubwa alipendwa," akasema. "Tulipokwisha kumzika alikuja mwanamke kutoka Mkange na kapu la mtama kichwani. Akaniambia, 'Nimekuja kumchukua Mwanamkasi.' Nikadhani amechanganya maneno kwa uchovu wa njia. Nikamwambia, 'Umechelewa, mama, Mwanamkasi tumemzika Ijumaa.' Basi alikaa palepale barazani akalia kilio ambacho hata watoto wa marehemu hawakukilia. Nikashangaa bibi mkubwa alijuana vipi na watu wa shamba. Ule mtama akauacha, akasema uwe sadaka ya marehemu. Tukaufanyia mikate ya hitima."

Faida akaweka mtungi chini. "Baba Kitwana, mimi nilikuwa wapi?"

"Wewe si ulitumwa shamba la Makurunge, kuleta nazi na kuni za hitima? Uliporudi ndiwe uliyeutwanga mtama ule."

"Mimi ndiye Mwanamkasi," Faida akasema. "Huyo ni mama yangu."

Kitwana alimtazama, kisha akakaa matopeni, mzee mzima, akajishika kichwa. Hakuna aliyeteka maji asubuhi ile.

Tangu hapo nyumba yetu ikawa haikaliki. Faida hali, hasuki ukili wa mikeka, anasimama, anaketi. Alimwuliza kila mkimbizi wa kutoka kaskazini habari za Mkange, na kila mmoja alimjibu kwamba njia haipitiki. Huku sikukuu ya Noeli inakaribia, na yeye ni mmoja wa watakaobatizwa. Padri akatufundisha kwamba katika maji ya ubatizo mtu wa kale hufa, akazaliwa mwingine na kupewa jina jipya. Wenzake wakatabasamu. Faida akasimama.

"Padri, mimi nimekwisha kuzikwa mara moja," akasema. "Mama yangu amenililia. Nikifa tena na kuitwa jingine, nani atamwambia kwamba mimi ni mzima?"

Padri akavua miwani, akaipangusa. "Mungu hasahau jina la mtu, mwanangu."

"Mungu anajua, Padri. Mama yangu ndiye asiyejua."

Niliona aibu siku hiyo kana kwamba nimesema mimi. Leo naona hakuna aliyeuliza swali zuri zaidi katika chumba kile.

Somo lililofuata lilikuwa la yule mwanamke Magdalena, aliyelia kaburini. Bwana aliyefufuka alisimama mbele yake naye akamdhani mtunza bustani, mpaka alipomwita jina lake.

"Alimwita mara ngapi?" Faida akauliza.

"Mara moja tu."

"Naye akamjua?"

"Akamjua."

Kesho yake nikamkuta anafunga nguo zake. Padri alikuwa amemwonya kwamba anayeacha mafundisho hatabatizwa pamoja na wenzake, naye alijibu kwamba anajua. Kitwana alimngoja langoni na fimbo. "Mimi ndiye niliyemzika," akaniambia, "acha mimi nikamfufue." Nikawaambia wote wawili hawana akili na mimi siendi popote. Nikaenda.

Tulivuka mto Ruvu kwa mtumbwi, tukapita vijiji vilivyochomwa ambamo hamkubaki hata mbwa. Tukisikia bunduki tulijitupa vichakani. Wami tulivushwa na mtu aliyetutukana njia nzima. Faida alitembea mbele, wala hakulalamika. Mimi ndiye niliyelalamika kwa niaba yetu sote.

Tulifika Mkange jua la utosini. Mwanamke alikuwa uani anamenya muhogo. Kitwana akapiga hodi, tukakaribishwa, lakini Faida hakuweza kuingia. Alisimama kando ya ua. Kisha akasema, "Mama. Ni mimi, Mwanamkasi."

"Abee," ikaitika sauti nyuma ya nyumba, na mtoto wa kike akaja mbio, nywele zimejaa majivu, kuona nani anamwita.

Mama alikuwa ameolewa tena, akazaa binti, akampa jina la marehemu ili lisipotee, kama watu wafanyavyo. Alimtazama mdogo, akamtazama mkubwa, kisu kikamdondoka. Akaja akampapasa mwanawe uso, masikio, mabega, huku Kitwana amepiga magoti anaeleza na kuomba radhi, na hakuna anayemsikiliza. Mama alilia, akacheka, akalia tena. Nami nililia, nikajiuliza kwa mara ya kwanza maishani mwangu, yuko wapi anayelijua jina langu la kwanza.

Tulipokwisha kula, mama akasema, "Mdogo tutamtafutia jina jingine. Hili ni lako. Nilimpa kwa ajili ya kaburi, na kaburi halipo."

Mtoto alikuwa amelala mapajani pa dada yake. Jina alilolifuata Faida njia yote ile ndilo hilo, sasa anapewa bure. Alimpangusa mdogo majivu ya nywele, polepole, mpaka nikataka kumfinya.

"Amelizoea," akasema.

"Mtoto huyu? Atazoea jingine."

"Mimi nilikuwa mkubwa, mama, na sikuzoea. Mwache nalo. Nilitaka ujue tu kwamba sikufa."

"Basi nikuiteje? Faida?"

"Hilo nalirudisha kwa wenyewe. Kuna jingine nimelichagua. Njoo ulisikie likitajwa."

Tulirudi misheni pamoja na mama na mtoto; Padri alinung'unika, kisha akampokea. Siku ya Noeli mama hakutaka kuingia kanisani, kwa kuwa dini ile si yake. Alikaa mlangoni na Kitwana, na mtoto wake. Padri akauliza, "Unaitwa nani?" Naye akajibu, "Magdalena," kwa sauti iliyofika nje.

Tulipotoka watu walisongamana, na yule mtoto akaponyoka katikati ya miguu. Mama akaita, "Mwanamkasi, njoo!"

Waligeuka wawili. Mdogo akakimbia akashika mkono wa mama. Magdalena alipiga hatua moja akasimama, maji bado yanamchuruzika shingoni, hajui aende au abaki. Mama yake akamwona. Akamnyooshea mkono wa pili.

"Na wewe," akasema. "Njoo."