Hodi ya Shemeji

Fundi cherehani alipofiwa na mumewe, ukoo ulikaa kikao ukamwoza kwa mdogo wa marehemu. "Mwanangu, utamzoea," mama mkwe alimwambia. Kumzoea wapi! Mpaka leo bwana huyo akirudi kutoka kazini husimama nje ya chumba cha kulala akapiga hodi kama mgeni, naye humjibu, "Karibu, shemeji," kisha wote wawili wakaona haya. Marehemu hakujua hodi. Aliingia tu, akajitupa kitandani na viatu vyake.

Jana alasiri fundi alikuwa chumbani akishona kola, ameupa mlango mgongo. Mlango ukafunguka, ukafungwa, kitanda kikalia.

"Afadhali leo umeacha ugeni," alisema bila kugeuka, moyo umemtulia.

Nje ya mlango mumewe akaita kwa upole, "Hodi, shemeji."